Majani ya Mlimau wa Debeni: Namna ya Kutofautisha Njaa na Ugonjwa

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, watu wasio na shamba hupanda milimau, mindimu na michungwa mifupi katika madebe, ndoo kuukuu na vyungu. Mti wa namna hii hukaa barazani, hutoa maua yenye harufu nzuri, na baada ya miaka michache huzaa ndimu za kutosha chakula cha nyumba moja. Shule nazo huona faida yake, kwa kuwa mwalimu wa elimuviumbe hupata somo la mimea mlangoni mwa darasa. Lakini aghalabu mti huo, baada ya kupendeza kwa msimu mmoja au miwili, huanza kugeuka rangi na majani yake kuwa ya manjano. Hapo kila apitaye hutoa dawa yake. Mmoja husema uongezewe maji. Wa pili husema umwagiwe majivu. Wa tatu husema umekosa mbolea. Huenda wote watatu wamekosea. Na kosa hilo haliishii katika kuua mti mmoja tu, maana miongoni mwa maradhi yaletayo umanjano umo mmoja uliokwisha kuangamiza mashamba makubwa ya michungwa duniani.

Kusudi la makala haya ni kueleza jinsi jani linavyoweza kusomwa kwa utaratibu, ili sababu ijulikane kabla ya dawa kutolewa.

Kwa nini mti wa chomboni huugua upesi

Mti wa shambani ukipungukiwa na chakula hupeleka mizizi mbali zaidi. Mti uliomo katika debe la lita 20 hauna pa kwenda. Kila unapomwagiliwa, sehemu ya maji hutoka kwa matundu ya chini yakichukua naitrojeni na madini mengine yanayoyeyuka kwa urahisi. Udongo nao hushikamana mwaka hata mwaka, na hewa iliyomo hupungua. Kwa sababu hizo, upungufu ambao shambani ungechukua miaka kuonekana, chomboni huweza kuonekana katika miezi michache.

Swali la kwanza: jani kuukuu au jani changa?

Mtu anayechunguza mti mgonjwa hana budi kuanza na swali moja: je, umanjano umeanzia wapi? Jibu lina maana kubwa, kwa kuwa madini ndani ya mmea ni ya namna mbili. Yapo yanayohama na yapo yasiyohama. Naitrojeni na magnesi huhama. Yanapopungua udongoni, mmea huyatoa katika majani makuukuu na kuyapeleka katika machipukizi, kama vile mzazi anavyojinyima ili mtoto ale. Kwa hiyo majani ya chini ndiyo yanayofifia kwanza. Chuma, zinki na manganizi, kwa upande mwingine, hayahami kwa urahisi. Yakishaingia katika jani hubaki humo. Yanapopungua, jani changa ndilo linalozaliwa na njaa, ilhali majani makuukuu yanaendelea kuwa ya kijani.

Jani lililokosa naitrojeni hufifia lote kwa usawa, uti pamoja na nyama yake. Upungufu wa magnesi una alama yake ya pekee. Umanjano huanza pande zote mbili za uti na kuenea mpaka ukingoni, lakini pale kitakoni, karibu na kikonyo, hubaki pembetatu ya kijani ambayo ncha yake huelekea kwenye ncha ya jani. Kila molekuli ya umbijani ina atomu moja ya magnesi katikati yake. Ndiyo maana magnesi yakiondolewa, rangi ya kijani nayo huondoka. Tiba yake si ghali. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya haluli, ambayo ni salfeti ya magnesi, huyeyushwa katika lita 4 za maji na kumwagiwa mti.

Upungufu wa chuma huonekana katika machipukizi. Jani huwa la manjano, pengine karibu jeupe, lakini mishipa yake yote, hata ile myembamba, hubaki ya kijani kama wavu uliochorwa kwa kalamu. Hapa pana jambo linalostahili kuangaliwa na wakazi wa pwani. Mara nyingi chuma chenyewe kimo udongoni, lakini mizizi haiwezi kukitwaa kwa sababu udongo una alkali nyingi. Michungwa hupenda udongo wenye asidi kidogo, yaani pH kati ya 5.5 na 6.5. Maji ya visima vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe huwa na chokaa nyingi, nayo hupandisha pH kidogo kidogo kila siku ya kumwagilia. Majivu hufanya vivyo hivyo, tena kwa kasi zaidi. Basi yule anayetia majivu katika debe la mlimau wenye machipukizi meupe anaongeza ugonjwa ule ule anaotaka kuutibu. Inafaa zaidi kutumia maji ya mvua, kuchanganya mboji katika udongo, na kuacha majivu kabisa.

Upungufu wa zinki nao hushika majani machanga, lakini majani hayo huwa madogo, membamba na yaliyosimama wima, yenye mabaka ya manjano kati ya mishipa. Upungufu wa manganizi hutoa mabaka yaliyofifia zaidi katika jani ambalo ukubwa wake haukupungua. Msomaji aishike vema alama ya zinki, kwa kuwa ndiyo iliyowapoteza hata wataalamu, kama itakavyoelezwa.

Maji, chumvi na mizizi

Si kila umanjano ni njaa ya madini. Ikiwa uti na mishipa mikubwa ndiyo iliyogeuka manjano ilhali nyama ya jani imebaki ya kijani, yaani kinyume cha upungufu wa chuma, shaka iangukie mizizi au shina. Mizizi huvuta pumzi kama viumbe wengine. Debe lisilo na matundu, au linalomwagiliwa asubuhi na jioni bila kupimwa, hujaa maji mahali pa hewa, na mizizi huoza. Uchunguzi wake ni rahisi. Kidole kizamishwe udongoni hadi pingili ya pili. Kikitoka na tope baridi, mti usimwagiliwe siku hiyo. Mizizi mizima ni myeupe au ya kahawia hafifu na ni imara. Iliyooza ni myeusi, gome lake huvuka likivutwa, nayo hunuka.

Ncha za majani zinapokauka na kuwa za kahawia, na juu ya udongo kukatanda ukoko mweupe, sababu huwa chumvi iliyolundikana kwa ajili ya mbolea nyingi au maji ya chumvichumvi. Hapo mbolea ikomeshwe, na maji matamu yamiminwe polepole, yenye ujazo mara mbili ya ujazo wa chombo, ili yaioshe chumvi na kuitoa kwa matundu ya chini.

Lipo pia jambo linalowashangaza wengi: tawi linalochipua chini ya mahali ulipobebeshwa mti, lenye majani yaliyogawanyika vipande vitatu. Huo si ugonjwa. Baadhi ya michungwa mifupi hubebeshwa juu ya shina la mchungwa wenye majani matatu, ambao asili yake ni China, na shina hilo ndilo linalopunguza kimo. Tawi hilo likatwe mapema, lisije likaunyang'anya mti chakula.

Wadudu na alama zao

Wadudu huacha saini zao. Mstari wa fedha unaopindapinda ndani ya jani changa, kama njia ya konokono, ni kazi ya kiwavi mdogo mchimba majani. Jani lililoliwa kuanzia ukingoni huashiria kiwavi wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Kiwavi huyo akiwa mdogo hufanana na kinyesi cha ndege. Akikua huwa wa kijani, na akiguswa hutoa pembe mbili zenye harufu kali. Katika mti wa chomboni inatosha kumwokota kwa mkono. Vidukari na wadudu gamba hufyonza utomvu na kutoa maji matamu, ambayo huwavuta sisimizi na kuotesha ukungu mweusi kama masizi. Maji ya sabuni na kitambaa hutosha mara nyingi.

Mdudu mmoja, hata hivyo, hastahili kudharauliwa. Ni silidi, mdudu mwenye urefu wa milimita 3 hadi 4, anayekaa juu ya machipukizi. Yuko wa Kiafrika, ambaye watoto wake huchimba vishimo upande wa chini wa jani, na upande wa juu huvimba vinundu kama chunusi. Yuko pia wa Kiasia, ambaye anapofyonza huinua sehemu ya nyuma ya mwili wake mshazari. Madhara ya kufyonza kwao ni madogo. Balaa ni kile wanachokibeba.

Ugonjwa unaojifanya njaa

Mwishoni mwa miaka ya 1920, wakulima wa Afrika ya Kusini waliona michungwa yao ikitoa matawi ya manjano na matunda madogo, yaliyopinda, yenye kitako kilichobaki kijani. Majani yalifanana mno na yale yaliyokosa zinki. Mwaka 1937 ilidhaniwa kwamba udongo ulikuwa na sumu ya madini. Mashamba yalitibiwa kwa madini na hayakupona. Huko China, Lin Kung-hsiang alitangaza mwaka 1956 kwamba ugonjwa kama huo, uitwao huanglongbing, yaani ugonjwa wa machipukizi ya manjano, uliambukizwa kwa njia ya kubebesha. Mwaka 1965 McClean na Oberholzer walithibitisha vivyo hivyo Afrika ya Kusini, na kuonyesha kwamba mbebaji wake ni silidi. Mwaka 1970 Laflèche na Bové wa Ufaransa waliona kwa hadubini ya elektroni vijidudu ndani ya floemu ya miti iliyougua, na mwaka 1994 uchunguzi wa DNA ulionyesha kwamba hivyo ni bakteria wa kundi jipya. Hivyo ilipita miongo kadhaa kabla ya ugonjwa kutenganishwa na njaa.

Bakteria hao huziba floemu, mishipa inayosafirisha sukari kutoka majanini. Wanga hulundikana majanini, na mizizi hufa njaa. Mizizi dhaifu haiwezi kutwaa zinki; kwa hiyo alama ya upungufu wa zinki inayoonekana ni ya kweli, ila si chanzo bali ni matokeo. Hapo ndipo ulipo mtego.

Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya. Jimbo la Florida, Marekani, ambako uligunduliwa mwaka 2005, lilikuwa limevuna makasha ya machungwa zaidi ya milioni 240 katika msimu wa 2003–2004. Katika msimu wa 2022–2023 lilivuna pungufu ya milioni 20, ingawa vimbunga navyo vilichangia hasara hiyo. Kwa muda mrefu Afrika Mashariki ilijua zaidi aina ya Kiafrika, ambayo hustawi katika nyanda za juu zenye baridi. Lakini mwaka 2016 na 2017 machapisho ya kisayansi yalieleza kuonekana kwa silidi wa Kiasia Tanzania na Kenya. Silidi huyo na bakteria wa Kiasia huvumilia joto, na hivyo mashamba ya mabondeni, kama yale ya Muheza mkoani Tanga, hayana tena kinga ya hali ya hewa.

Kulinganisha nusu mbili na kupima wanga

Njaa ya madini hugawa sawasawa: mchoro wa upande wa kushoto wa uti hufanana na wa upande wa kulia. Ugonjwa haugawi sawasawa. Mwanafunzi achukue kalamu, achore duara dogo upande mmoja wa uti, kisha duara jingine mkabala wake upande wa pili. Achore mawili au matatu zaidi. Rangi zikitofautiana katika kila jozi, upande huu manjano na upande huu kijani, mabaka yakivuka mishipa bila mpango, kuna sababu ya kushuku. Tena njaa hushika mti wote kwa kiasi kimoja, lakini ugonjwa huanza aghalabu katika tawi moja.

Hatua ya pili yafaa maabara ya shule. Lichumwe alfajiri jani linaloshukiwa, pamoja na jani zima la umri ule ule kutoka mti mwingine. Wakati huo jani zima limekwisha kusafirisha usiku sehemu kubwa ya wanga wa jana. Lililozibwa limebaki nao. Kila jani lisuguliwe upande wa juu mara 20 kwa kipande chake cha msasa laini. Kipande hicho kitiwe katika mfuko mdogo wa plastiki wenye mililita 1 ya maji, kifikichwe, kisha yaongezwe matone machache ya aidini. Maji ya jani zima hubaki na rangi ya aidini au kufifia. Maji meusi au ya buluu iliyokoza huonyesha wanga uliolundikana. Jaribio hili halithibitishi ugonjwa, kwa sababu shina lililojeruhiwa kwa kukazwa na kamba huweza kuleta matokeo hayo hayo. Uthibitisho hupatikana kwa kupima DNA maabarani.

Wajibu wa mwenye debe

Shaka ikiwapo, mti usitolewe zawadi, usikatwe vikonyo vya kubebesha, wala usihamishwe kutoka mji hadi mji. Aitwe bwana shamba autazame, na ikithibitika ung'olewe na kuchomwa. Mti wa shambani hauwezi kusafiri. Wa debeni hupakiwa garini pamoja na godoro na sufuria, ukafika jioni mahali ambapo silidi mwenyewe angechukua muda mrefu kufika. Kwa hiyo mwanafunzi anayejua kulinganisha nusu mbili za jani halindi mlimau wa baraza lao peke yake. Analinda pia mashamba ya wakulima ambao ada za shule za watoto wao hutoka katika machungwa.