Maji Yaliyolala na Maji Yanayokimbia

Leo natoa nafasi yote kwa barua moja kutoka Tura, ile stesheni ya Reli ya Kati, mashariki ya Tabora. Burton alipopita huko mwaka 1857 aliandika kwamba maana ya jina hilo ni kutua mzigo, na wapagazi waliokwisha kuivuka Mgunda Mkali walikuwa na haki ya kuutua. Aliyeniandikia ni mwalimu mstaafu. Shikamoo, Mwalimu.

Mwalimu amewatengenezea wajukuu tangi la kioo, akaweka perege wadogo na kambale mmoja. Mwanzoni maji yalitulia tuli. Kila alfajiri perege walikuwa juu wakitweta, na wengine wamekwisha kufa, lakini kambale hakudhurika. Akanunua pampu ya sola yenye nguvu. Sasa mchana kutwa maji yanazunguka kama uji unaokorogwa, perege wanakula lakini wanakonda, na alfajiri vifo vinaendelea. Anauliza: aiuze pampu?

La hasha. Kambale ndiye shahidi wetu. Juu ya mashavu yake ana kiungo cha kuvutia hewa, hupanda na kugugumia pumzi. Perege hana. Basi kilichopungua ni oksijeni.

Lita moja ya maji yenye joto la digrii 25, hata yakishiba oksijeni, hubeba kiasi cha miligramu 8 tu. Lita moja ya hewa ina zaidi ya mara 30 ya hizo. Nyanda za Tabora ziko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kiasi hicho hupungua tena. Joto likipanda, maji hushika oksijeni kidogo zaidi, hali mwili wa samaki huchoma chakula kwa kasi na kudai nyingi zaidi. Oksijeni hiyo huingilia usoni mwa maji. Maji yakilala, ya chini hubaki na njaa. Mkondo ndio unaoishusha, na ndio unaoondoa amonia inayotoka mashavuni na kuipeleka kwenye chujio, kwa bakteria wanaoigeuza. Nao bakteria hao wanahitaji oksijeni.

Mbona basi wanakonda? Kupingana na mkondo ni kazi. Mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kuyakabili, kwa hesabu ya ukinzani, hukaribia mara nane. Chakula cha kukuzia mwili huishia mkiani. Si kwamba mkondo ni adui wa kila samaki: samoni wanaofugwa hukua vizuri wakiogelea kwenye mkondo wa wastani, na kule Kigoma, kwenye miamba ya Ziwa Tanganyika panapovunjika mawimbi, wapo samaki wadogo wenye kibofu cha hewa kilichopungua ili wasielee, wakae chini wasichukuliwe. Hao ukiwaweka kwenye maji mafu wanateseka. Perege ni mtu wa maji ya polepole.

Na vifo vya alfajiri? Mwalimu ameandika jibu mwenyewe bila kulitilia maanani: pampu ni ya sola. Jua likizama, nayo inalala. Mchana mwani wa kijani tangini hutoa oksijeni. Usiku hautoi, bali huitumia pamoja na samaki. Kwa hiyo tangi lina mkondo mkali saa ambayo haja ni ndogo, na halina kabisa saa ya hatari.

Mwalimu, tafuta betri, pampu ifanye kazi usiku kucha, tena kwa nguvu ndogo. Elekeza bomba lake juu, uso wa maji utikisike, kisha weka mawe mawili matatu ili perege wapate kona tulivu. Ukiwaona wamesimama mahali pamoja wakipiga mkia kutwa, punguza. Ukiwakuta alfajiri midomo juu, ongeza.

Na yule kambale mhamishe mapema. Akikua kidogo tu, atawamaliza perege yeye, na hapo usiilaumu pampu.