Gari Lisilotoka Chumbani

Basi linapokata kona kwa kasi, abiria hulalia upande wa nje wa kona. Dereva akikanyaga breki ghafula, wote huelekea mbele. Miili yao ilikuwa katika mwendo, nayo yataka kuendelea na mwendo ule ule. Gari nalo lina tabia hiyo. Likikata kona kali mno, uzito wake huegemea magurudumu ya upande mmoja, na huweza kupinduka.

Mwaka 1997, huko Uswidi, watu wa jarida moja la magari walijaribu gari dogo jipya la Mercedes-Benz. Dereva aliliendesha kana kwamba mnyama mkubwa ametokea barabarani: alizungusha usukani upande mmoja, kisha akaurudisha upande wa pili. Gari likapinduka! Magari ya aina hiyo yalikuwa yamekwisha kuuzwa, ikabidi yarudishwe kurekebishwa. Ni afadhali kuujua udhaifu wa gari kabla halijaundwa. Lakini utaliendeshaje gari ambalo bado ni michoro tu?

Wahandisi hutumia mashine ya kuigiza uendeshaji. Kampuni hiyo hiyo ilifungua moja mwaka 2010 huko Sindelfingen, Ujerumani. Ni chumba chenye umbo la kuba, kilichosimama juu ya miguu sita inayorefuka na kufupika. Chumba chote huteleza juu ya reli yenye urefu wa meta 12. Ndani mna gari kamili, na picha ya barabara huonyeshwa ukutani pande zote. Kompyuta hupewa habari za gari jipya: uzito wake, matairi yake, springi zake. Dereva akizungusha usukani, kompyuta hukokotoa gari hilo lingefanya nini, kisha huviamuru chumba na picha vifuate mara moja.

Lakini meta 12 ni chache. Gari linalokwenda kilometa 100 kwa saa huzipita kwa muda usiofika nusu sekunde. Hapo wahandisi hutumia hila. Keti kitini, fumba macho, na umwombe mwalimu akiinamishe kiti nyuma polepole. Utahisi mgongo ukigandamizwa, kama gari linapoongeza mwendo; kumbe ni uvutano wa dunia tu. Vivyo hivyo chumba huinama nyuma gari linapoongeza mwendo, na mbele linapofunga breki. Dereva haoni nje, naye hudhani anakwenda. Hata hivyo chumba hakina budi kuinama polepole. Ndani ya sikio mna majimaji yanayotupasha habari kichwa kinapogeuka, na dereva akiigundua hila, huenda akashikwa na kichefuchefu.

Wahandisi wakitaka kujaribu springi ngumu zaidi, hawafungui hata skrubu moja. Hubadilisha tarakimu katika kompyuta, na dereva huirudia kona ile ile. Gari likipinduka pichani, hakuna anayeumia.

Lakini mashine hujua yale tu iliyoambiwa. Ikipewa habari zisizo sahihi za matairi, nayo itatoa jibu lisilo sahihi. Kwa hiyo gari la kwanza likiisha kuundwa hupelekwa uwanjani. Dereva hufunga mkanda, nalo hujaribiwa juu ya lami halisi, penye ukavu na penye maji.