Moyo Unapopoteza Mdundo (2): Dawa ipi kwa mgonjwa wa Kimilili?

Wiki iliyopita tuliona jinsi vyumba viwili vya juu vya moyo vinavyoweza kuacha kubana kwa mpango na kubaki vikitetema tu, hali ambayo madaktari huiita atrio fibrilesheni. Leo ni zamu ya matibabu.

Wagonjwa wengi huja wakilalamikia kule kudunda kifuani. Ni kweli kunasumbua na kukosesha usingizi, lakini balaa kubwa liko kwingine. Vyumba visipobana vizuri, damu hutuama katika chumba cha kushoto na kuganda. Bonge hilo likichomoka, hupanda na kuziba mshipa wa ubongo. Mwenye hali hii ana uwezekano wa kupata kiharusi mara tano hivi kuliko mtu wa rika lake asiyekuwa nayo. Wapo wasiosikia kudunda kokote, na hatari yao ni ile ile. Kwa hiyo kuna matibabu ya mapigo na kuna matibabu ya kuzuia damu kuganda, na anayepata ya kwanza pekee hajatibiwa.

La mapigo tulipite haraka. Daktari anaweza kuyapunguza kasi kwa atenolol, bisoprolol au carvedilol, au kwa digoxin, dawa ya kale iliyotokana na mmea ambao tabibu Mwingereza William Withering aliandika habari zake mwaka 1785. Au anaweza kujaribu kuurudisha mdundo wa kawaida kwa dawa kama amiodarone, kwa mshtuko wa umeme, au kwa kupitisha waya mshipani na kuunguza sehemu ndogo za moyo zinazochochea fujo. Utafiti wa AFFIRM uliochapishwa mwaka 2002, wenye wagonjwa 4,060, haukuona kwamba kurudisha mdundo kwa dawa kulipunguza vifo kuliko kupunguza kasi tu. Mwaka 2020 utafiti mwingine, EAST-AFNET 4, ulionyesha faida ya kuurudisha mapema kwa wale waliogunduliwa karibuni. Kuunguza kwa waya kunamaanisha safari ya Nairobi na fedha nyingi. Mzee wa Kamukuywa ambaye mapigo yake yametulia na anapanda mlima bila kuhema hana sababu ya kujiona amenyimwa kitu.

Kwenye damu ndipo penye kazi. Swali la kwanza si umri wala presha, bali vali za moyo zikoje. Huku kwetu bado wako vijana wengi ambao moyo wao uliharibiwa utotoni na homa ya baridi yabisi, ile inayofuata maumivu ya koo yasiyotibiwa. Utafiti wa REMEDY, uliozihusisha nchi 12 za Afrika, Kenya ikiwamo, pamoja na India na Yemen, ulikuta kwamba nusu ya wagonjwa wa vali wa namna hiyo walikuwa na miaka 28 au chini yake, na theluthi mbili walikuwa wanawake. Ulaya ukitaja atrio fibrilesheni, watu humfikiria babu. Bungoma inaweza kuwa mama mwenye mtoto mgongoni.

Hali ya vali ndiyo inayoamua dawa. Kwa muda mrefu ilikuwepo warfarin tu, dawa iliyotokana na uchunguzi wa ng'ombe wa Marekani waliokufa kwa kuvuja damu baada ya kula majani yaliyooza. Iliuzwa kwanza kuwa sumu ya panya, ndipo ikaingia hospitalini katika miaka ya 1950. Kisha zikaja dabigatran, rivaroxaban na apixaban, ambazo hazihitaji kupimwa damu mara kwa mara, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaziingiza katika orodha yake ya dawa muhimu. Wenye uwezo wakaanza kuziomba kwa jina, na warfarin ikaonekana dawa ya maskini.

Mwaka 2022 utafiti wa INVICTUS ulivunja dhana hiyo kwa wagonjwa wa vali. Wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini waligawanywa: nusu rivaroxaban, nusu dawa za jamii ya warfarin. Kiharusi, bonge la damu kuziba mshipa kwingine, mshtuko wa moyo au kifo viliwapata 560 upande wa rivaroxaban na 446 upande wa pili. Dawa ya bei nafuu ilishinda, na haikuzidisha kuvuja damu. Kwa hiyo mwenye kubanwa kwa vali iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, au aliyewekewa vali ya chuma, ni warfarin. Asiye na tatizo hilo, lakini ana presha, kisukari, moyo dhaifu, umri wa miaka 65 na zaidi au amewahi kupata kiharusi, dawa mpya zinamfaa zaidi kama mfuko unaruhusu kuzinywa kila siku bila kukatiza. Kuzinywa mwezi huu na kuziacha mwezi ujao ni hatari kuliko warfarin inayopimwa vizuri.

Ndiyo maana nasema fedha ya kwanza itumike kwenye eko, kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, kabla ya kununua dawa yoyote ghali. Na aspirini, ambayo wengi bado hupewa badala yake, si mbadala. Utafiti wa AVERROES wa mwaka 2011 uliilinganisha na apixaban, na apixaban ikapunguza viharusi kwa zaidi ya nusu bila ongezeko la maana la kuvuja damu kwingi.

Warfarin ina masharti, tusidanganyane. Kipimo chake huitwa INR, na kwa wagonjwa wengi kinatakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Chini ya hapo damu inaganda, juu zaidi inavuja. Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret, ina kliniki maalumu ya dawa hizi inayoendeshwa na wafamasia chini ya mpango wa AMPATH, na imeonyesha kwamba kazi hii inawezekana katika mazingira yetu. Lakini kutoka Kimilili kupita Webuye na Turbo hadi Eldoret ni nauli na siku nzima ya kazi. Kabla ya kukubali dawa, uliza ni maabara ipi ya karibu, Kimilili, Bungoma au Kitale, inayopima INR kila mwezi bila kukosa vifaa. Uliza pia SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, italipia nini.

Kuhusu chakula, mgonjwa huambiwa aache mboga za majani, naye anarudi nyumbani kula ugali mkavu. Si lazima. Sukuma wiki, kunde na saga zina vitamini K inayopunguza nguvu ya warfarin, lakini ukila kiasi kile kile kila wiki, dozi hupangwa kulingana nacho. Tatizo ni kubadilika: kiangazi mboga ni adimu, mvua zikinyesha shamba limejaa. Hapo omba upimwe mapema.

Hatari kubwa iko kwenye duka la dawa. Flagyl na Septrin hupandisha INR sana. Diclofenac ya maumivu ya mgongo hutoboa tumbo kimyakimya. Rifampicin ya kifua kikuu huifanya warfarin karibu isifanye kazi. Mwonyeshe muuzaji kadi yako ya warfarin kabla hajafungua kopo.

Na kwa Wabukusu nina neno. Kila Agosti ya mwaka wa shufwa vijana hutahiriwa. Kijana mwenye ugonjwa wa vali na anayemeza warfarin asiingie kwenye sherehe hiyo kabla daktari wake hajajua: jeraha linaweza kuvuja damu isiyokoma, na vijidudu vikiingia kwenye damu hupenda kukaa kwenye vali iliyoharibika. Wazee wanaopanga sherehe waulizwe mapema, si alfajiri ya siku yenyewe.

Dada anayetumia warfarin naye azungumze na kliniki kabla ya kushika mimba, kwa kuwa dawa hii hupita kwa mtoto na inaweza kumlemaza katika miezi mitatu ya mwanzo. Akigundua ameshashika mimba, asiiache mwenyewe. Aende hospitali siku hiyo hiyo abadilishiwe.

Wiki ijayo: maumivu ya koo ya mtoto, na sindano ya penisilini ya kila mwezi.