Leseni ya Biashara Haimfanyi Mtu Fundi Bomba

"Nikipata leseni ya manispaa, si nimeshakuwa fundi bomba halali?" Wakufunzi wa ufundi Tanzania wameulizwa swali hili hadi wamechoka, na bado kila mwaka linarudi vilevile.

Leseni hiyo hutolewa chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972. Afisa biashara huangalia namba ya mlipakodi (TIN), mahali pa kazi na ada. Hamwambii mwombaji aunge hata kipande kimoja cha bomba. Karatasi inayotundikwa ukutani inaonyesha kwamba mwenyewe ameruhusiwa kufanya biashara, basi.

Wabishi hukimbilia hoja ya pili: ufundi bomba ni uzoefu tu, cheti cha nini? Watazame bomba la plastiki la PPR la milimita 20 linavyoungwa. Pasi ya kuchomea ifike nyuzi 260 za Selsiasi, bomba na elibo vikae kwenye moto kama sekunde 5, kisha vishikanishwe papo hapo, vimenyooka, bila kuzungushwa. Fundi wa kubahatisha huchoma kupita kiasi, halafu husukuma kwa nguvu. Plastiki iliyoyeyuka inajikunja ndani na kubana njia ya maji. Kwa nje kiungo kinapendeza kabisa! Vigae vikishabandikwa, mteja analalamika kuwa maji ya bafuni hayana presha, naye anashauriwa anunue pampu. Fundi akichoma kidogo mno, kiungo kinavuja taratibu ndani ya ukuta hadi rangi inaanza kubabuka. Mtu anaweza kurudia kosa hilo miaka 20 na kuita uzoefu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumpima.

Kwenye hita ya tangi, kosa linaweza kuua. Maji yakipata moto hutanuka, na valvu ya usalama huachia presha. Kuna wanaoiziba kwa plagi eti "inadondosha maji". Kidhibiti joto kikigoma siku moja, tangi linaweza kulipuka.

Njia za kupata cheti si za kutisha. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina mafunzo ya ufundi bomba yanayopanda kwa ngazi, kuanzia ya kwanza hadi ya tatu. Aliyejifunzia mtaani haanzi upya: aombe kurasimishiwa ujuzi, apimwe kwa kazi anayoifanya, apewe cheti. Leseni ya biashara ifuate hapo. Anayetaka zabuni kama mkandarasi ajisajili kwenye Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Kenya kuna mitihani ya mamlaka ya mafunzo ya viwandani (NITA), daraja la tatu hadi la kwanza, kisha fundi wa ujenzi huidhinishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi.

Mteja naye adai kuona cheti, na mabomba yajaribiwe kwa presha kabla ya plasta, kwa kawaida mara moja na nusu ya presha ya matumizi. Bomba lililo kabla ya mita ni la mamlaka ya maji. Hata mwenye cheti haligusi bila idhini yake.