Jina lake halikuwa mu buku la mushahara

Tumemaliza arobaini ya mama yetu hapa Kasongo. Mikeka imekunjwa, masufuria ya majirani yamerudishwa, na sisi watoto tumebaki na sanduku lake la bati. Ndani tulikuta vikwembe viwili ambavyo hakuvivaa hata siku moja, na makaratasi yote ya kazi ya marehemu baba: bileti za mushahara, karte ya kazi, barua za kampuni. Alizipanga mwaka kwa mwaka, yeye ambaye hakuingia masomo. Karatasi moja tu ilikosekana, na juu ya hiyo tunawaandikia, wandugu wafanyakazi na wamama wa makambi.

Mama alizaliwa wakati wa vita ya 40-45. Wazee wa Maniema wanajua ulikuwa wakati gani. Wajapani walikuwa wamekamata Malaya, kwa hiyo bati na mpira vikatafutwa kwa nguvu huku kwetu. Mu 1942 Wabelgiji walipandisha siku za kazi ya lazima za watu wa kijiji kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka. Wanaume wakaingia porini kutafuta mpira, wanawake wakabaki na mashamba. Mama alikuwa anasema alijua muchi na kinu mbele ya kujua kuhesabu.

Alipoolewa alimufuata baba Kalima, ku kazi ya kasiterite. Kule, tangu Symétain ianze mu 1932, watu waliishi kwa kufuata saa za kampuni. Baba alitoka alfajiri. Mama alikuwa amekwisha kuamka zamani, moto unawaka, chakula kimefungwa. Baba akienda, yeye anachota maji, anaenda ku shamba la mihogo na mupunga, anarudi kutwanga sombe. Alizaa tisa, akakomaza saba. Hakuwa na likizo, wala siku ya kusema leo niko mugonjwa.

Siku ya mushahara, baba alimupa franga mu mukono. Mama alizigawa na kuzifunga mu vitambaa, mafundo matatu. La kwanza lilikuwa la munyu, sabuni na mafuta. La pili la masomo ya watoto. La tatu la ugonjwa na kifo. Ukimuomba franga za fundo la tatu, alikuwa anajibu: «Baba yangu, hizo haziko zangu wala zako. Ni za siku ile hatuijui.»

Mu 1976 makampuni ya Kivu na Maniema yaliunganishwa, ikazaliwa SOMINKI. Mu oktoba 1985 bei ya bati ilianguka ku soko la London. Watu wa kule walipoteza hesabu zao, na huku kwetu sufuria zilipoteza nyama. Kisha zaire yenyewe ikashuka mwezi kwa mwezi. Ni hapo tulimujua mama. Alilima shamba la pili, akapika mikate ya muchele, akauzisha mafuta ya mawese kwa kipimo kidogo. Ku bileti iliandikwa kwamba baba ndiye analisha nyumba. Lakini miaka ile, tuseme kweli, tulikula mukono wa mama.

SOMINKI ilifungwa mu 1997, vita ikiwa imekwisha kuingia. Tukarudi Kasongo. Baba alipofariki, mama alibeba lile sanduku ku biro moja ili aulize haki ya mujane. Walitazama makaratasi, wakamusifu kwa kuyatunza vizuri. Kisha wakauliza: karatasi ya ndoa iko wapi? Ndoa yake ilikuwa na mahari, na wazee wa pande mbili walikaa. Lakini hakuna mutu aliyeenda kuiandikisha ku eta-sivili. Zaidi ya miaka 40 mu nyumba moja, na mama akaambiwa hana kitu cha kuonyesha kwamba alikuwa bibi ya yule mutu. Alirudi nyumbani, akaweka sanduku chini ya kitanda, akaenda kutwanga. Hakulisema tena.

Sisi tuko watu wa sendika. Tumepigania kofia, buti na mushahara wa wengine, na ndani ya nyumba yetu tulisahau karatasi moja. Haya yanatuuma.

Basi, wandugu, sikieni. Sheria inakubali ndoa ya kimila, lakini inataka iandikishwe: bwana na bibi waende mbele ya afisa wa eta-sivili pamoja na washahidi wao. Mutoto akizaliwa, aandikwe mbele ya siku 90. Sheria ya tarehe 15 julai 2016 juu ya usalama wa jamii inampa mujane na yatima haki yao, kama muajiri alimuandikisha mufanyakazi na kama muke ana ushahidi wa ndoa. Siku ileile Sheria ya Familia ya 1987 ilibadilishwa, na muke haombi tena ruhusa ya bwana ili aende mbele ya leta. Mama aende mwenyewe.

Na nyinyi wachimbaji wa Salamabila na Namoya, ambao hamuna bileti hata moja, msiseme haya hayawahusu. Bibi ya mutu asiye na bileti, karatasi ya ndoa ndiyo peke yake atabaki nayo.

Mu pembe ya kikwembe kimoja tulikuta fundo la tatu, bado limefungwa. Tumekubaliana franga zile zisaidie dada zetu na wake zetu kuandikisha ndoa zao. Mungu amulaze mama pema.