Skani ilionyesha mapacha, sasa amebaki mmoja: Je, huyu atakuwa salama?

UMEUZA ploti, chama kikakuongezea kidogo, ndipo wewe na mume wako mkaingia kliniki ya IVF. Skani ya wiki ya sita ikaonyesha mapacha. Wiki ya nane daktari anasema moyo mmoja umeacha kupiga. Unarudi Buruburu, na mtaani maneno yanaanza: eti ulibeba mtungi wa maji, eti kuna jicho baya, eti watoto wa maabara hawadumu.

Tulia. Watoto wa kwanza wa IVF nchini walizaliwa hapa hapa Nairobi Mei 2006, chini ya Dkt Joshua Noreh. Piga hesabu: ni rika la wengi mnaosoma ukurasa huu.

Na mtungi hauna kesi. Mimba ikitoka mapema hivi, mara nyingi kijusi kilikuwa na hitilafu ya kromosomu tangu mwanzo. Mwili hukifyonza polepole. Wengine huvuja damu kidogo, wengine hawahisi lolote. Wewe umejua kwa sababu wa IVF hupigwa skani mapema. Jirani aliyeshika mimba kawaida huenda alipoteza pacha na hakujua kamwe.

Sasa, huyu aliyebaki? Watafiti wa Denmark wakiongozwa na Anja Pinborg walichapisha matokeo yao 2005. Karibu mtoto 1 kati ya 10 waliozaliwa peke yao kupitia IVF alianza kama pacha. Mwenzake alipotoweka kabla ya wiki ya nane, aliyebaki alizaliwa vizuri sawa na watoto wengine wa IVF. Kadiri pacha alivyopotea baadaye, ndivyo hatari ya kuzaliwa kabla ya wakati au na uzani mdogo ilivyopanda.

Jambo lingine ni kondo. Viinitete viwili vilivyopandikizwa kwa kawaida huwa na kondo mbili, kila mtoto na lake. Lakini kiinitete kimoja kikigawanyika, mapacha wanaweza kutumia kondo moja. Hapo mmoja akifariki mimba ikiwa imekomaa, damu ya aliyebaki inaweza kuyumba na kuumiza ubongo wake. Hiyo ni kazi ya daktari bingwa, si ya kungoja.

Shida ya wengi ni hii: kliniki ya IVF inakuachilia mapema, halafu unaanza upya Mama Lucy, Pumwani au kliniki ya mtaani, na hakuna anayejua kulikuwa na wawili. Sema. Mwambie muuguzi aandike kwenye kijitabu chako cha kliniki: IVF, mapacha, mmoja alipotea wiki fulani. Uliza kama mlikuwa na kondo moja au mbili. Usikose kliniki, na uulize kuhusu skani ya kupima jinsi mtoto anavyokua. Ukivuja damu au maji, ukiumwa na kichwa kisichopoa, au mtoto akipunguza kucheza, nenda hospitali saa hiyo, hata usiku.

Na usikubali kuambiwa "shukuru umebaki na mmoja" kana kwamba yule mwingine hakuwepo. Unaweza kumlilia mmoja na kumngoja mwenzake kwa furaha. Mume, dada, rafiki: msindikizeni kliniki, kisha msikilizeni.