Breki Kwanza, Rangi Baadaye



Katika parokia na maboma mengi ya Migori na Homa Bay kuna pikipiki ya zamani iliyoegemezwa ukutani nyuma ya stoo. Kuku hutaga chini yake. Zamani ilimbeba padre, katekista, muuguzi au bwana mifugo hadi vijiji visivyofikika kwa gari. Nyingi ni za aina ya Yamaha AG100, pikipiki iliyotengenezewa wakulima, yenye keria mbele na nyuma na cheni iliyofunikwa kabisa ili matope yasiingie. Vikundi vinatuuliza: hii apiko ya zamani, je, tunaweza kuifufua wenyewe hapa nyumbani?

Jibu letu ni ndiyo, mkifuata utaratibu. Utaratibu wenyewe tuliujua kwa njia ya uchungu, na ndiyo sababu tunawaandikia.

Yaliyotupata sisi

Miaka kadhaa iliyopita tulipewa pikipiki ya namna hiyo ili kikundi chetu kibebee maziwa. Tulifurahi sana. Pesa ya kwanza tuliyochanga tulinunua rangi nyekundu na kitambaa kipya cha kiti. Iling'aa hata watu wakaja kupigwa picha nayo. Wiki ya pili mwenzetu mmoja aliteremka nayo kuelekea mto Kuja, mtungi wa maziwa ukiwa nyuma. Alikanyaga breki, breki haikushika. Akajitupa kwenye miwa. Mguu ulivunjika, akakaa msimu mzima bila kulima, na akiba tuliyokuwa tumeweka kwa karo ikaishia hospitali.

Baadaye tulipofungua gurudumu la nyuma, kumbe shuu za breki zilikuwa zimekwisha kabisa, tena zimelowa grisi. Hakuna wa kulaumiwa ila sisi. Tulipaka rangi kitu ambacho hatujakifungua.

1. Anzeni na karatasi

Kabla ya kununua hata nati moja, tafuteni logbuku. Someni namba ya fremu (iko karibu na shingo ya usukani) na namba ya injini, kisha mlinganishe na zilizoandikwa. Zikitofautiana, ulizeni kwanza. Kama pikipiki bado ina jina la mtu aliyehama au shirika lililofunga kazi, umiliki ni lazima uhamishwe. Kazi hiyo iko chini ya NTSA, na leo maombi hufanywa kwa mtandao wa eCitizen. Mwenye jina akiwa amefariki, ongeeni na familia yake mapema. Vikundi vingine vimetengeneza pikipiki ikaiva, halafu mwenyewe akaja kuichukua.

2. Hesabuni gharama

Mnamkumbuka yule mjenzi wa mnara katika Luka 14? Watu walimcheka kwa kuwa alianza bila hesabu. Chukueni daftari, mchore safu tatu: LAZIMA, INAWEZA KUNGOJA, na UREMBO. Breki, tairi, beringi za magurudumu, cheni, taa na injini huingia LAZIMA. Rangi, kiti na vioo vya kupendeza huingia UREMBO. Kioo cha kuona nyuma si urembo, wekeni LAZIMA.

Ulizeni bei za spea katika maduka mawili au matatu, Migori mjini, Rongo, Oyugis au Homa Bay. Jumlisheni safu ya kwanza peke yake. Ikizidi nusu ya bei ya pikipiki mpya, shauri letu ni kuiacha. Si dhambi kusema hapana. Na fremu ikiwa na ufa, au imepinda kwa ajali ya zamani, muiache hata kama injini ni nzima.

3. Kufungua

Tafuteni mahali pakavu, penye hewa, mbali na moto wa jikoni na sigara. Kila mnachofungua kiwekwe katika kopo lake, na kipande cha karatasi kikieleza kimetoka wapi. Mwenye simu apige picha kabla ya kufungua. Mtu mmoja awe mwandishi. Kikundi kikiwa na mikono kumi bila mwandishi, mwisho wake ni ndoo ya bolti zisizo na mwenyewe.

Mkifungua breki, msipulize lile vumbi wala kulipiga kwa brashi kavu. Shuu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo huharibu mapafu. Futeni kwa kitambaa kilicholowa maji, na kitambaa mkizike.

4. Kutu na molasi

Hapa tuna bahati. Wenzetu wa Awendo na wale walio karibu na viwanda vya sukari nguru wanapata molasi kwa bei ya chini. Changanyeni kikombe 1 cha molasi na vikombe 9 vya maji katika pipa la plastiki, mtumbukize vyuma vyenye kutu, kisha mngoje wiki 1 hadi 2. Itatoa povu na harufu, msiogope. Kutu huachia pole pole na chuma chenyewe kinabaki. Osheni kwa maji, mkaushe juani, mpake oili siku hiyo hiyo, la sivyo kutu itarudi kufikia asubuhi.

Angalieni sana: njia hii ni ya chuma tu. Kabureta na vifuniko vya injini ni alumini, na molasi huila alumini.

Tangi la petroli lina hatari yake. Hata likiwa tupu miaka mingi, mvuke wa petroli unaweza kubaki ndani na kulipuka kama bomu ukiguswa na moto. Msipeleke tangi kwa mchomeleaji kabla ya kuliosha mara nyingi kwa maji ya moto na sabuni, na mumwambie fundi wazi kwamba ni tangi la petroli, ili achukue tahadhari yake. Kutu ya ndani itoeni kwa kutia kokoto ndogo na maji ya sabuni, mtikise, mmwage, mrudie hadi maji yatoke safi.

5. Injini

AG100 haina injini kama ya pikipiki za bodaboda za siku hizi. Oili yake huungua pamoja na petroli, ndiyo maana hutoa moshi. Ina tangi dogo la oili na pampu ya kuipeleka injini. Iliyokaa miaka mingi msiipige kiki mara moja. Toeni plagi, mtie kijiko kimoja cha oili ya tustroku ndani ya silinda, mngoje hadi kesho yake. Halafu tieni gia ya tatu na msukume gurudumu la nyuma taratibu, mbele na nyuma. Ikikwama, msigonge kwa nyundo. Muiteni fundi.

Ikizunguka, safisheni platini kwa msasa laini, mnunue plagi mpya, na mfungue kabureta. Vitundu vyake vipulizwe kwa pampu ya baiskeli. Msitie waya, kwa maana tundu likipanuka hata kidogo petroli huzidi. Sponji ya hewa ioshwe kwa sabuni, ikaushwe, itiwe oili kidogo. Oili ya gia imwagwe, maana mara nyingi ina maji.

Pampu ya oili msiiamini mpaka fundi aithibitishe. Kwa wakati huo tieni oili ya tustroku moja kwa moja kwenye petroli, kama mililita 40 kwa kila lita. Oili ya trekta haifai hapa. Na zile sili za mpira pande mbili za injini, zikikauka, injini huvuta hewa ya ziada, hupata joto, na pistoni hushika ghafla njiani. Gurudumu la nyuma hufunga. Ikitokea, shikeni klachi upesi. Lakini sili ni spea ndogo, ni heri kuzibadilisha mapema.

6. Kuibadilisha ifae kazi yenu

Hapa ndipo vijana wana mawazo mengi, na mengine ni mazuri. Mkitaka nguvu ya mlima, sproketi ya nyuma yenye meno mengi zaidi ya ile ya zamani inasaidia, ingawa mwendo utapungua. Keria ya maziwa au kreti ya samaki ifungwe kwa bolti. Msichomelee juu ya fremu ovyo, kwa sababu moto hudhoofisha chuma na ufa huanza hapo hapo. Mzigo ukae chini na karibu na mwendeshaji, pande mbili sawa. Ukirundikwa nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani hautii, hasa mkipanda.

Kurefusha kiti ili kibebe watu watatu tunakataa kabisa. Sheria ya Trafiki inaruhusu abiria mmoja tu, naye avae kofia ngumu kama mwendeshaji. Breki za ngoma za pikipiki hii hazikutengenezewa mzigo wa familia nzima. Na mkibadilisha injini au rangi, logbuku nayo irekebishwe.

7. Rangi, na jaribio

Sasa pakeni rangi. Kwanguani ya zamani, mpake rangi ya kuzuia kutu, ikauke, kisha ile mnayoipenda. Ikiwa tayari, ijaribiwe kwanza uwanjani, bila mzigo, na mtu mzima mwenye leseni. Breki ya mbele peke yake, ya nyuma peke yake, kisha zote mbili. Halafu kwa mtungi uliojaa maji, kabla ya maziwa. Baada ya siku moja ya kazi kazeni nati zote upya. Na msiendeshe barabarani bila bima.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Pikipiki iliyoko kwetu ina jina la nani kwenye logbuku?
2. Nani atashika daftari, na nani atashika pesa? (Wasiwe mtu mmoja.)
3. Ikipata ajali, kikundi kitamsaidiaje mwendeshaji?
4. Je, tunahitaji pikipiki kweli, au punda na mkokoteni vinatosha?

Ile nyekundu yetu bado inabeba maziwa. Mwenzetu aliyevunjika mguu ndiye hukagua breki kila asubuhi, na akisema leo haiendi, haiendi. Hatubishani naye.